Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Ruzuku ya Serikali na Gharama ya Mkopo wa Mwanafunzi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya, harusi hiyo huwa siku ile arafa ya benki inapoingia katika simu yake ikimjulisha kuwa fedha za mkopo zimefika. Siku hiyo madeni ya dukani hulipwa, chakula hubadilika, na hata vitabu vilivyokuwa vikitazamwa tu madirishani hununuliwa. Matanga huja baadaye, pengine miaka mitano au sita, wakati arafa nyingine inapoingia ikidai fedha hizo zirejeshwe, na mhitimu hana ajira wala akiba.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, maarufu kwa jina HELB, imekuwa ikiwakumbusha wanafunzi kuwa riba ya mkopo wake kwa wanaosomea shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Kauli hiyo ni ya kweli, na hakuna benki ya biashara humu nchini inayoweza kushindana nayo. Hata hivyo, ni nusu ya ukweli. Bei ya mkopo haiko katika riba pekee. Iko pia katika ukubwa wa deni lenyewe, na katika yale yanayomfika mkopaji anaposhindwa kulipa kwa wakati.

Makala haya yanadhamiria kueleza uhusiano uliopo baina ya ruzuku ya serikali na gharama ya mkopo wa mwanafunzi. Yanashikilia kwamba mambo haya mawili ni kama pande mbili za mizani: ruzuku inaponyanyuliwa upande mmoja, mkopo huelemea upande wa pili. Aidha, yanaonyesha kuwa jinsi mkopo wa Kenya ulivyoundwa, unafuu uliomo humfikia zaidi mhitimu aliyebahatika kupata kazi mapema, ilhali makali yake humwangukia yule ambaye hajaipata.

Maana ya Istilahi

Ni vyema kuanza na maneno yenyewe, kwa kuwa mjadala wa karo na mikopo mara nyingi huvurugwa na watu wanaotumia neno moja kwa maana mbili. Neno ruzuku lina asili ya Kiarabu na ni ndugu wa neno riziki. Mzizi wao ni mmoja. Kitenzi kuruzuku humaanisha kumpa mtu riziki, na Waswahili hukitumia hasa kwa Mwenyezi Mungu, anayewaruzuku waja wake bila ya kuwadai. Katika lugha ya serikali, ruzuku ni fedha za umma zinazotolewa ili kupunguza bei ya kitu ambacho taifa linaona kina manufaa kwa wote, kama vile mbolea au masomo. Anayeipokea hatakiwi kuirejesha.

Mkopo, kwa upande mwingine, ni mali itolewayo kwa sharti la kurudishwa. Kiswahili kina pia neno karadha, ambalo asili yake katika fikra za Kiislamu ni mkopo wa hisani usiozaa ziada yoyote. Ziada inayotozwa juu ya mkopo ndiyo riba. Faini nayo ni adhabu ya kifedha kwa aliyevunja sharti. Ni muhimu msomaji azitenge riba na faini akilini mwake: riba ni bei ya kutumia fedha za mwingine, faini ni kiboko cha kuchelewa.

Mkopo wa mwanafunzi umekaa katikati ya maana hizi. Si ruzuku kamili kwa kuwa hurejeshwa. Si karadha kwa kuwa una riba. Wala si mkopo wa kibiashara, maadamu riba yake iko chini mno ikilinganishwa na ile ya soko. Kwa sababu hiyo, serikali humsaidia mwanafunzi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ruzuku ya wazi, yaani fedha zinazolipwa chuoni kwa niaba yake. Njia ya pili ni ruzuku iliyofichika ndani ya riba nafuu. Ya kwanza huonekana katika makadirio ya bajeti. Ya pili haionekani, ingawa ni fedha vilevile.

Usuli wa Kihistoria

Mikopo ya masomo nchini Kenya haikuanza juzi. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa kuwakopesha Wakenya waliokwenda kusomea nje ya Afrika Mashariki, katika nchi kama vile Uingereza, Marekani na India. Baada ya uhuru, serikali mpya iliyokuwa na kiu ya wataalamu iligharimia masomo ya chuo kikuu karibu kikamilifu. Idadi ya wanafunzi ilipoongezeka, ukaanzishwa mpango wa mikopo katika mwaka wa masomo wa 1974/75 kwa Wakenya waliokuwa Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Karo yenyewe iliendelea kulipwa na serikali. Mkopo ulikuwa wa matumizi ya mwanafunzi. Fedha za mfukoni ambazo wanafunzi walizibatiza jina la ‘bumu’ ni kumbukumbu ya enzi hiyo, na wapo wazee wa leo wanaozisimulia kwa bashasha.

Mpango huo ulikuwa na kasoro moja kubwa. Wizara ya Elimu, iliyousimamia, haikuwa na msingi madhubuti wa kisheria wa kuwafuata wadeni. Wengi walimaliza masomo, wakaajiriwa, wakastawi, na mkopo ukasahaulika. Taratibu ikajengeka imani kwamba fedha za serikali hazirudishwi. Kwa maneno mengine, kilichoitwa mkopo kiligeuka ruzuku kwa mazoea, si kwa sheria.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chini ya shinikizo la mashirika ya fedha ya kimataifa na sera zao za kurekebisha uchumi, Kenya iliingia katika enzi ya kugawana gharama. Mwaka 1991 wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma walitakiwa kulipa karo ya shilingi 6,000, hatua iliyozua migomo. Mwaka 1995 Bunge lilipitisha sheria iliyounda HELB na kuipa uwezo wa kukopesha, kudai, na kuwalazimisha waajiri kukata marejesho katika mishahara.

Katika kipindi hichohicho, gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja kwa mwaka ilikadiriwa kuwa shilingi 120,000. Serikali ililipa shilingi 70,000 moja kwa moja chuoni, na shilingi 50,000 zikaachiwa mwanafunzi na mzazi wake, hasa kwa njia ya mkopo na basari. Karo aliyoiona mwanafunzi katika barua yake ya kuitwa chuoni ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka, na kiasi hicho kilidumu hadi kwa wale waliojiunga kabla ya 2023.

Hapa ndipo palipo na fundo la kwanza. Makadirio ya shilingi 120,000 yalitumika kwa takriban miongo miwili huku bei ya unga, karatasi, umeme na mishahara ya wahadhiri ikipanda. Ruzuku haikufutwa, lakini thamani yake ilimomonyoka mwaka baada ya mwaka. Vyuo vilijaribu kuziba pengo kwa kuwasajili wanafunzi wa kujilipia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza utaratibu huo mwaka 1998 na vingine vikafuata. Serikali ilipoleta mwaka 2016 mfumo wa kukadiria gharama kwa kuzingatia aina ya kozi, iliahidi kubeba asilimia 80 ya gharama hiyo. Kufikia mwaka wa fedha wa 2022/23, kiasi kilichotolewa kilikuwa kimeshuka hadi chini ya nusu. Vyuo vikazama katika madeni, na mzigo ukabaki ukitafuta mgongo wa kuubeba.

Ruzuku Iliyofichika Ndani ya Riba

Kabla ya kufuata mzigo huo ulikoelekea, ni vyema kuieleza ile ruzuku isiyoonekana. Hebu msomaji achukulie kuwa bei za bidhaa zinapanda kwa asilimia 8 kwa mwaka. Kitu kilichouzwa shilingi 100 mwaka huu kitauzwa shilingi 108 mwakani. Mwanafunzi aliyekopa shilingi 100 kwa riba ya asilimia 4 atarejesha shilingi 104 baada ya mwaka. Kwa hesabu ya makaratasi, ameongeza shilingi 4. Kwa hesabu ya sokoni, amerudisha fedha zisizoweza kununua alichonunua. Tofauti ya shilingi 4 imebebwa na hazina ya umma.

Hali hii si ya kufikirika. Mwaka 2011 mfumuko wa bei nchini ulipita asilimia 10, na Desemba mwaka huo Benki Kuu ya Kenya ikapandisha kiwango chake cha msingi cha riba hadi asilimia 18. Februari 2024 kiwango hichohicho kilifikishwa asilimia 13. Benki za biashara hukopesha kwa riba iliyo juu ya viwango hivyo. Katika nyakati zote hizo mkopo wa HELB wa shahada ya kwanza ulibaki katika asilimia 4. Ni bayana, basi, kwamba yeyote aliyekuwa na deni la HELB na akalilipa bila kukosa alipokea zawadi kubwa kutoka kwa walipa kodi, hata kama hakujua.

Zawadi hiyo ina sababu nzuri. Mwanafunzi hana shamba wala hatimiliki ya kuweka rehani. Anachokiweka rehani ni kesho yake. Benki haiwezi kumkopesha mtu wa namna hiyo kwa bei anayoimudu, ilhali taifa linahitaji walimu, wauguzi na wahandisi. Aidha, mfuko wa mikopo umeundwa uwe wa mzunguko: anacholipa kaka leo ndicho atakachokopeshwa mdogo wake kesho. Mtu mwenye kipato anayejificha asilipe anamnyang’anya mwanakijiji mwenzake nafasi. Dawa ya deni ni kulipa, na makala haya hayana nia ya kuipinga methali hiyo. Swali ni kwamba dawa hiyo inamgharimu nani, na kiasi gani.

Faini: Gharama Isiyotangazwa

Sheria inamtaka mkopaji aanze kulipa mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Asipofanya hivyo, hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi ambao malipo hayakufanywa. Kiasi hiki hakitegemei ukubwa wa deni wala pato la mdeni. Ni kilekile kwa mhandisi aliyejificha katika kampuni kubwa na kwa mwalimu wa Kiswahili anayengoja kuajiriwa huku akiwafundisha watoto wa jirani jioni.

Mfano ufuatao unaweza kulibainisha jambo hili. Wanafunzi wawili wamesomea ualimu wa Kiswahili na somo jingine, darasa moja, chumba kimoja cha bweni. Kila mmoja alikopa shilingi 45,000 kwa mwaka kwa muda wa miaka minne, jumla shilingi 180,000. Kwa wepesi wa hesabu, ichukuliwe kuwa riba inaanza kuhesabiwa mkopo unapoiva, yaani mwaka mmoja baada ya kuhitimu.

Wa kwanza anaajiriwa na Tume ya Huduma ya Walimu kabla ya mwaka huo kwisha. Anakatwa shilingi 4,000 kila mwezi. Kwa riba ya asilimia 4 juu ya salio, atamaliza deni lake baada ya miaka minne na mwezi mmoja hivi, akiwa amelipa riba ya takriban shilingi 15,000 pekee. Huyu ameonja utamu wa ruzuku iliyofichika.

Wa pili hapati ajira kwa miaka mitatu baada ya mkopo kuiva. Riba yake katika kipindi hicho ni shilingi 21,600. Faini yake ni shilingi 5,000 mara miezi 36, yaani shilingi 180,000, sawasawa na deni lote la asili. Deni lililokuwa shilingi 180,000 sasa linasomeka shilingi 381,600, na hajalipa hata senti moja. Riba ya mwezi wa kwanza ilikuwa shilingi 600. Faini ya mwezi huohuo ilikuwa zaidi ya mara nane ya riba hiyo. Mkopo uliotangazwa kuwa wa asilimia 4 umegeuka kuwa ghali kuliko ule wa benki.

Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliweka mpaka. Iliamua kuwa ile kanuni inayozuia riba ya benki isizidi deni la asili inaihusu HELB pia, hivyo riba na faini kwa jumla zisiupite mkopo wenyewe. Kwa mhitimu wa pili katika mfano huu, uamuzi huo unamaanisha kuwa deni litakomea shilingi 360,000. Ni nafuu ya kiasi fulani, lakini bado ni mara mbili ya alichokopa. Kwa mtu aliyeanza kazi kama mwalimu mwanagenzi wa sekondari ya msingi, ambaye mwaka 2023 alilipwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, faini ya mwezi mmoja pekee ni robo ya pato lake.

Mara kwa mara Bodi imetangaza msamaha wa faini kwa wanaolipa deni lililobaki kwa mkupuo mmoja. Nia yake ni njema na imewavuta wengi. Hata hivyo, anayeweza kutoa laki mbili kwa siku moja ni yule aliyekwisha kusimama kwa miguu yake au mwenye jamaa wa kumsimamia. Asiye na kitu huusikia msamaha redioni na kuuacha upite. Kwa hivyo, riba nafuu, faini na hata msamaha vyote huelekea upande mmoja: humwinua aliyeinuka na kumkandamiza aliyelala chini.

Mfumo wa 2023 na Ukubwa wa Deni

Ule mzigo uliokuwa ukitafuta mgongo ulipata pa kutua mwaka 2023. Mwezi Mei mwaka huo Rais William Ruto alizindua mfumo mpya wa kugharimia elimu ya juu. Badala ya serikali kuvipa vyuo ruzuku ya jumla, fedha zingemfuata mwanafunzi mmoja mmoja kulingana na uwezo wa familia yake. Kila mwanafunzi angepewa mafungu mawili: ufadhili usiorejeshwa kutoka Hazina ya Vyuo Vikuu, na mkopo kutoka HELB. Salio lingetolewa na familia. Karo ya shilingi 16,000 ikatoweka, na gharama kamili ya kozi ikaandikwa katika barua ya kuitwa chuoni.

Kufikia 2024 wanafunzi waligawanywa katika vikundi vitano. Wa kikundi cha kwanza, ambao ndio maskini zaidi, walipangiwa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo wa asilimia 25, na mchango wa familia wa asilimia 5. Wa kikundi cha tano walipangiwa ufadhili wa asilimia 30, mkopo wa asilimia 30, na familia ikaachiwa asilimia 40. Juu ya hayo, kila mmoja angepata mkopo wa kujikimu: shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kikundi cha kwanza, ukipungua hatua kwa hatua hadi shilingi 40,000 kwa kikundi cha tano.

Kwa kutazama asilimia hizi, mtu atasema kuwa maskini amependelewa, na katika ufadhili ni kweli. Lakini hesabu ya deni inasimulia hadithi nyingine. Ichukuliwe kozi ya miaka minne ambayo gharama yake ni shilingi 160,000 kwa mwaka. Mwanafunzi wa kikundi cha kwanza atakopa shilingi 40,000 za karo na shilingi 60,000 za kujikimu, jumla shilingi 100,000 kwa mwaka. Akihitimu atadaiwa shilingi 400,000. Mwanafunzi wa kikundi cha tano atakopa shilingi 48,000 za karo na shilingi 40,000 za kujikimu, jumla shilingi 88,000 kwa mwaka. Akihitimu atadaiwa shilingi 352,000. Mtoto wa maskini anaondoka chuoni na deni kubwa kuliko mtoto wa mwenye nacho.

Jambo hili halitokani na hila ya mtu. Linatokana na uamuzi wa kuyafanya matumizi ya kila siku ya maskini, yaani chakula chake, malazi yake na nauli yake, kuwa mkopo badala ya ruzuku. Kwa kozi yoyote ambayo gharama yake ya mwaka haifiki shilingi 400,000, matokeo ni yaleyale. Ni kweli kuwa familia ya kikundi cha tano inatoa shilingi 64,000 kila mwaka kutoka mfukoni, lakini mzigo huo ni wa wazazi walio na kipato wakati huo. Wa kikundi cha kwanza ni mzigo wa kijana ambaye bado hajui atapata wapi kipato.

Msomaji alinganishe sasa na enzi iliyotangulia. Chini ya utaratibu wa zamani, mkopo wa juu kabisa wa shahada ya kwanza ulikuwa shilingi 60,000 kwa mwaka, yaani shilingi 240,000 kwa miaka minne. Riba haikubadilika, ni asilimia 4 wakati huo na asilimia 4 chini ya mfumo mpya. Lakini asilimia 4 ya shilingi 400,000 ni shilingi 16,000 kwa mwaka, ilhali asilimia 4 ya shilingi 240,000 ni shilingi 9,600. Bei ya mkopo imepanda bila kiwango cha riba kuguswa. Hivi ndivyo ruzuku inavyorudi nyuma na mkopo kusonga mbele.

Mfumo huo ulipingwa na wanafunzi, wazazi na mashirika ya kutetea haki. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa ulikiuka katiba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ilisitisha utekelezaji wa uamuzi huo ili rufaa ishughulikiwe. Mabishano mengi mahakamani na mitaani yalihusu namna wanafunzi walivyopangwa katika vikundi. Ni hoja nzito, kwa sababu aliyewekwa katika kikundi kisicho chake huumia. Hata hivyo, hata kama kila mmoja angewekwa panapomfaa, suala la ukubwa wa deni la maskini lingebaki palepale.

Funzo Kutoka kwa Majirani na Mbali

Je, ipo njia nyingine? Tanzania, ambayo Bodi yake ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imepitia njia inayofaa kutazamwa. Kwa muda mrefu mkopo wake ulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa tozo ya kulinda thamani ya fedha, jina ambalo linaitaja waziwazi ile hasara ya mfumuko wa bei iliyoelezwa hapo juu. Ilikuwapo pia adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, tozo na adhabu hizo ziliondolewa. Kwa lugha ya makala haya, ruzuku iliyofichika iliongezwa, na kiboko kikawekwa kando.

Jambo la pili ni namna ya kulipa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliweka makato ya asilimia 15 ya mshahara kwa mdaiwa aliyeajiriwa. Wafanyakazi wengi waliyalalamikia, kwa kuwa hapo awali yalikuwa asilimia 8. Lakini makato ya asilimia yana sifa moja: hufuata pato. Mwenye mshahara wa 20,000 hukatwa 3,000. Mwenye 60,000 hukatwa 9,000. Faini isiyobadilika haina masikio ya kusikia hali ya mtu.

Mbali zaidi, Australia iliianza njia hii mwaka 1989. Huko mhitimu halipi chochote mpaka pato lake lifikie kiwango kilichowekwa kisheria, na deni hupandishwa kwa kufuata mfumuko wa bei badala ya riba ya soko. Asiye na kazi hadaiwi kwa mwaka huo, wala hapigwi faini kwa kukosa kazi. Bila shaka Kenya si Australia. Wengi wetu huishia katika kazi za kujitegemea zisizo na hati ya mshahara, na kuzifuatilia ni kazi ngumu. Hata hivyo, funzo la msingi linabaki: kukosa pato na kukataa kulipa si kosa moja, na sheria ya haki haiwezi kuyatendea kwa namna moja.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa gharama ya mkopo wa mwanafunzi haipimwi kwa riba peke yake. Hupimwa kwa mambo matatu: ukubwa wa deni, ambao hutegemea ruzuku ya wazi, riba, ambayo ndani yake mna ruzuku iliyofichika, na faini, ambayo humnyima asiye na kazi ruzuku hiyo na kumtoza ziada juu yake. Serikali inapopunguza la kwanza na kujivunia la pili huku ikinyamazia la tatu, mwanafunzi huamini kuwa amekopeshwa kwa bei nafuu kumbe sivyo.

Yapo mambo mawili yanayoweza kufanywa bila kuubomoa mfuko wa mikopo. Kwanza, fedha za kujikimu za wanafunzi wa kikundi cha chini kabisa zingefanywa ruzuku, angalau sehemu yake, ili maskini asimalize masomo akiwa ndiye mdeni mkubwa zaidi. Pili, faini ya shilingi 5,000 ingebadilishwa iwe ya kumwandama mwenye pato anayejificha, na mhitimu anayethibitisha kuwa hana ajira asitozwe mpaka aipate. Kwa upande wao, wanafunzi wana wajibu wa kuisoma fomu kabla ya kuitia sahihi, kujumlisha wanachokopa kila mwaka, na kuanza kulipa, hata kidogo kidogo, pindi wanapopata uwezo. Wanaowafuata wanaungoja mfuko huohuo.

Methali iliyoyafungua makala haya huchukuliwa kuwa onyo kwa mkopaji peke yake. Lakini katika jamii za Waswahili, matanga hayakuwahi kuachiwa mfiwa pekee; majirani huja, wakakaa, wakachanga. Taifa lililoicheza harusi ya msomi wake, likapata mwalimu na muuguzi kwa gharama nafuu, linapaswa pia kuonekana matangani anapokosa cha kulipa.